Mkandaji wa Ngombezi Aliyekataza Sijambo

Mlangoni kwake ilikuwa marufuku kusema sijambo. Ungefika umejikunja, mkono kiunoni, jasho la shamba halijakauka, naye angekuuliza kwa upole kabisa, "Hujambo?" Adabu uliyofundishwa na mama yako ingekusukuma ujibu, "Sijambo, mama." Hapo ndipo alipokukamata. "Kama hujambo, geuka urudi kwako," angesema. "Mimi nakanda wagonjwa." Na kweli alikurudisha. Mimi mwenyewe alinirudisha mara ya kwanza. Nikaenda nikinung'unika mpaka kisimani, kisha kiuno kikanirudisha kwake nikiwa mnyenyekevu.

Kambi nzima ya Ngombezi ilimwita Mkandaji, nami nitamwita hivyohivyo. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vikubwa, Mwingereza akitawala, mkonge ukitakiwa Ulaya na sisi tukiukata. Ukitaka kujua kwa nini kambi ile ilihitaji mkandaji, chukua panga uiname asubuhi mpaka jua la mchana, ukate majani yenye miba, uyafunge mizigo, uibebe hadi kwenye reli ya toroli. Asiyemaliza ngwe yake, kipande alichopimiwa, hakuhesabiwa siku. Mgongo ndio uliokuwa shamba letu na nyumba yetu. Ukivunjika mgongo, umerudi kwenu mikono mitupu, na wengine kwao kulikuwa mbali sana.

Nilitangulia kumjua kwetu Mazingara, upande wa Handeni, kabla hatujaifuata kazi ya mkonge yeye na mumewe, na mimi nyuma yao. Kwa hiyo nilimwita mama bila kujilazimisha. Lakini msidhani alikuwa mama wa kupendeza tu. Alikuwa na ulimi mkali na hasira za karibu. Chakula alichopika hakikulika; ugali wake ulikuwa mbichi katikati, na ole wako ukiuacha. Alicheza bao na wanaume, akaiba kete waziwazi, na ukimshika mkono alikuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba ameibiwa. Umri wake aliutaja anavyotaka. Shingoni alivaa hirizi, na bundi akilia alimtukana mpaka aondoke.

Basi mtu huyo huyo, aliyedanganya kwenye bao na kwenye umri, ukifika kwenye migongo hakukubali uongo hata wa kumfariji mtu. Nimeishi miaka mingi, nimeona wakweli wa kila namna, lakini sijamwona mwingine aliyekuwa mkweli mahali pamoja tu na kupalinda namna ile.

Nyumbani kwake, sakafuni karibu na mlango, ulilala mchi mzito wa kutwangia. Huo haukutwanga kitu. Ukiingia, kabla hajakugusa, ulitakiwa kuinama uuokote. Ukishindwa, aliangalia umeshindwa wapi: kwenye goti, kwenye kiuno, au kwenye woga. Ndipo alipokulaza juu ya mkeka, akapaka mafuta ya mbarika, akaanza kubonyeza kando ya uti wa mgongo kwa vidole gumba, pingili kwa pingili. Akifika penye kufunga alitulia, akakugeuza ubavu, goti lake nyuma yako, akakuvuta bega huku na nyonga kule mpaka kitu kilie ko ndani. Watu walipiga yowe. Yeye alicheka. Ukiinuka, mchi tena. "Usiniambie," alisema. "Mwambie mchi."

Sasa niwaeleze yalikoanza yote hayo, maana zamani hakuwa hivyo. Zamani alipokea sijambo na shukrani na kuku kama mkandaji mwingine yeyote.

Alikuwa na shoga yake, mama mmoja aliyeanika nyuzi za mkonge kwenye kamba karibu na korona, kile kinu cha kusagia majani. Huyu shoga alishikwa na maumivu ya mgongo chini ya mbavu. Kila alasiri Mkandaji alimkanda, na kila alasiri alimuuliza, "Vipi leo?" Shoga akajibu, "Sijambo, mwenzangu, mikono yako ni dawa." Waliendelea hivyo msimu mzima wakipiga soga. Halafu yule mama akavimba uso na miguu, na kabla mvua hazijakatika akafa. Dresa wa zahanati ya kambi, kijana wa Kibondei aliyesomea misheni, alisema ugonjwa ulikuwa wa figo, na kwamba mgongo ulikuwa unapiga hodi tu kwa niaba yake.

Mkandaji hakulia mbele za watu. Aliinika chupa yake ya mafuta ikamwagika yote mchangani. Mtu yeyote akija kukandwa alimfungia mlango. Nilikwenda kumwona nikamkuta ameketi na mikono yake mapajani, anaitazama.

"Mwanangu," aliniambia, "kama mikono hii haiponyi, basi nawazuia watu wasiende hospitali. Nawaua huku nacheka nao."

"Mama, umeponya wangapi humu kambini?"

"Nani kakwambia nimewaponya?"

"Wenyewe wanasema."

"Na yeye alisema," akajibu.

Hilo ndilo lililomkaa moyoni, na mimi tangu siku hiyo limenikaa. Sisi watu wa huku tunaugua kwa adabu. Mtu anakata roho anaulizwa hali, anasema sijambo, namshukuru Mungu. Mkandaji ni mtu mzima, amekuchua kwa mikono yake, hakukudai kitu. Utathubutuje kumwambia bado unaumwa? Utasema umepona, umpelekee na yai. Basi miaka yote alikuwa amekusanya heshima, akadhani ni uponyaji.

Akaenda kwa dresa. Walikuwa hawapatani wale wawili. Dresa alimwona kizuizi, naye alimwona dresa mtoto wa juzi. Alimuuliza moja kwa moja: mikono yangu inaponya au haiponyi? Dresa akasema hajui. Akasema migongo mingi ya wakataji hupona yenyewe mtu akipumzika kidogo, aende kwa mkandaji au asiende, na anayepona siku alizokandwa atamshukuru mkandaji. Mkandaji aliposikia hayo alimrushia kata ya maji. Kata ikagonga ukuta. Akaondoka anafoka njia nzima, sisi tukasema basi, vita vimeanza.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa zahanati kabla dresa hajafungua.

"Rudia ulichosema jana," akamwambia. "Polepole."

Kuanzia hapo mambo yalikuwa matamu! Walikaa wawili wale kwenye benchi la wagonjwa wakibishana kama mawifi. Dresa alisema lazima wawepo watu wa kukandwa na watu wa kutokandwa, halafu walinganishwe. Mkandaji akasema asiyekandwa atajua hakukandwa, atanuna, na mtu aliyenuna haponi. Basi wote waingie ndani, wote walale mkekani, wote wapakwe mafuta na kupigiwa soga. Lakini wengine wakandwe kweli na wengine wachuliwe juujuu tu, kama unavyompaka mtoto mafuta. Dresa akasema wasijichague, maana wenye nguvu watakimbilia upande mmoja. Mkandaji akatia kunde kwenye kibuyu, nyekundu na nyeupe, kila mtu atumbukize mkono atoe yake. Kunde ipi ina maana gani, wanajua wao wawili.

Likabaki moja, gumu kuliko yote. Nani atasema nani amepona? Wagonjwa wenyewe watasema sijambo. Dresa anajua siri ya kunde. Mnyapara ataona kila mtu mzima ili kazi iende.

Mkandaji akapiga paja lake kwa kofi lililosikika nje. "Mtani wangu!"

Ambaye hajakaa na makabila mengi hawezi kuelewa tulivyoshangilia. Mkandaji ni Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu na babu. Mtani hana adabu kwako, na hiyo ndiyo kazi yake. Atakutukana msibani, atachukua kuku wako bila kuomba, atakuambia sura yako mbaya siku ya harusi yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Kambini kulikuwa na Mnyamwezi mmoja, mkataji hodari, ambaye kila akipita mlangoni kwa Mkandaji alipiga kelele, "Mzigua wewe, umeua nani leo?" Mtu pekee katika Ngombezi nzima aliyeweza kumwambia ukweli bila kutafuta maneno.

"Nikubali nini?" aliuliza mtani walipomwita.

"Kila mwisho wa juma uwatazame watu hawa wakiinama na kubeba shambani. Useme nani amenyooka na nani bado. Hutaambiwa nani kafanyiwa nini."

"Na nikisema wote bado?"

"Utasema."

"Ukiaibika?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Yule bwana alimtazama Mkandaji toka kichwani hadi miguuni. Kisha akasema, "Nitakuaibisha vizuri, Mzigua."

Dresa aliwapima kwanza wenye migongo, akawatoa aliowashuku figo au kifua, akawapa dawa zake. Tuliobaki tukapanga foleni kwenye kibuyu. Mimi nilitoa kunde nyeupe. Nikaingia, nikalala, nikapakwa mafuta, tukacheka habari za Mazingara, nikatoka najihisi mtu mpya. Nawaambia nilitembea nimenyooka kama mlingoti! Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba mikono ya yule mama ina baraka. Siku chache tu nikawa nainua mizigo na kuimba. Tulikatazwa kusimuliana tuliyofanyiwa ndani, na tishio lilikuwa kwamba mtani ataachiwa amkosoe mvunja sharti mbele ya wakwe zake. Hakuna aliyethubutu.

Mtani naye alikuja shambani kututazama. Alisimama na panga begani, akatukosoa bila huruma. "Huyu anainama kama mjamzito, bado. Yule kanyooka. Wewe unajikaza tu, uso umekupauka, bado." Tulimchukia na kumpenda kwa pamoja. Kila alichokiona alikipeleka kwa dresa, wala hakumwambia Mkandaji, ingawa yule mama alimviziavizia njiani na kumbembeleza kwa tumbaku. Ndiyo, alimbembeleza. Hakutaka kusubiri. Alipokuwa anakanda katika siku hizo alikuwa na homa ya furaha. Alianguka usingizini akinong'ona habari za kunde, mumewe alituambia.

Ikafika Jumapili ya kupambanua. Kambi yote ilijaa mbele ya nyumba yake, Waislamu na Wakristo, wenye migongo na wasio nayo, kina mama na watoto mgongoni. Dresa alimsimamisha mtani ataje waliopona upesi. Kila aliyetajwa akanyoosha kunde yake juu. Mimi nilitajwa miongoni mwa wa kwanza, nikanyoosha yangu kwa fahari.

"Nyeupe," dresa akatangaza, "ni waliopakwa mafuta tu."

Mtani alianguka chini kwa kicheko. Alijigaragaza kwenye vumbi akishika mbavu. "Huyu! Huyu aliyekuwa anaimba! Kaponywa na mafuta ya mbarika!" Watu walikufa kwa kucheka, na mimi nikacheka mpaka machozi, maana ningefanya nini? Mgongo ulikuwa umepona kweli.

Lakini Mkandaji hakucheka. Alikuwa anatazama mikono iliyoinuliwa, macho yake yanakimbia kutoka mkono hadi mkono. Nyekundu zilikuwa nyingi kuliko nyeupe kwa wale wa upesi. Si kwa mbali, lakini nyingi. Kisha mtani akataja waliopona baadaye, kunde zikachanganyikana. Mwisho akataja ambao bado, nao walikuwemo wa rangi zote mbili. Mmoja wao alikuwa jirani yetu aliyekandwa kwa nguvu zote, na aliinua kunde yake nyekundu huku bado amejikunja. Mkandaji alimkazia macho muda mrefu.

"Sema tena, dresa," akaomba. "Sema kwa lugha yetu."

Dresa alikuwa mkweli pia, lazima nimpe haki yake. Alisema yaonekana kukanda kunasaidia kidogo, kunaharakisha. Alisema wengi wangepona hata hivyo. Alisema sisi tulikuwa watu wachache, na kwamba kambi nyingine ikijaribu huenda ikaona tofauti. Hiyo ni dalili, haijawa hakika.

 Tulingoja hasira, tulingoja kata ya maji. Badala yake yule mama aliruka juu kama msichana, akapiga vigelegele peke yake, akamshika mtani wake wakazunguka.

"Si bure!" alipiga kelele. "Mnasikia? Si bure! Wala si yote! Si bure, wala si yote!"

Sijaona furaha ya namna ile kabla wala baada. Nilifikiri ni furaha ya kusikia kwamba mikono yake ina kazi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nusu ya pili ya maneno yale ilimfurahisha vilevile. Alikuwa amebeba mzigo wa kuponya kila kitu tangu ujana wake, na sasa aliruhusiwa kuutua. Sasa alijua mpaka wake uko wapi, mpaka ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha kabla.

Juma lile lile alituita sisi wa kunde nyeupe akatukanda sawasawa, kwa kuwa alisema ni haki yetu. Nilipiga yowe kuliko wote.

Kisha akabadilika katika jambo moja lililowaudhi wengi. Zamani alikanda kila kitu: vifua vya watoto, homa, matumbo, wanawake wasioshika mimba. Sasa akakataa. "Kama hata mgongoni, ndiko kwangu, si yote," alisema, "kifuani nilifuata nini?" Nakumbuka mama mmoja aliyeleta mtoto anayehema haraka, mbavu zikiingia ndani. Mkandaji alimgusa mtoto mara moja tu, akavaa kanga yake, akamshika yule mama mkono mpaka kwa dresa. Mama alilia njiani akisema ananyimwa mikono, akiuliza amemkosea nini. Mtoto alitibiwa akapona, lakini yule mama alichelewa sana kumsamehe. Wengine walisema ameishiwa, wengine kwamba dresa amemroga. Kuku wakapungua uani. Akasema ni afadhali, kuku wenyewe walikuwa wanamharibia mchicha.

Kwa wakataji aliendelea. Ndipo alipoulaza mchi pale mlangoni na kukataza sijambo. Aliyebaki amejikunja, yule wa kunde nyekundu, Mkandaji alimfuata kila siku na swali lile lile: inauma vipi, wapi, lini zaidi? Hakumponya. Alimzoesha kuinama kwa magoti, akamwombea kazi ya kuketi pale korona, na mwanamume yule hakurudishwa kwao.

Nilipoacha panga nilihamia Manundu, Korogwe, nikafungua kibanda cha chumvi, mafuta na dagaa. Miaka ikapita. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu, ingawa watu walikwishaanza kuongea habari za uhuru kwa sauti kubwa sokoni. Alasiri moja nikaona bibi amejikunja juu ya fimbo, anakuja upande wangu, anapumzika kila baada ya nyumba. Sikumtambua mpaka alipofika kizingitini.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Mgongo?"

Nikacheka kwa furaha, na bila kufikiri nikamjibu anavyotaka. "Asubuhi unauma, upande wa kushoto. Jua likipanda unaachia."

"Hilo ndilo jibu," akasema. "Nilidhani mji umekuharibu."

Alikuwa anakaa kwa mjukuu wake, nyuma ya soko. Mumewe alikuwa amefariki. Nilipouliza habari za mtani, alitazama chini. "Amerudi kwao Tabora. Sasa kila mtu ananiambia napendeza."

Nikamwingiza ndani, nikatandika mkeka nyuma ya magunia ya chumvi, nikachukua chupa ya mafuta. Alilala kifudifudi kwa taabu. Nikaanza kubonyeza kama alivyotubonyeza sisi, pingili kwa pingili, naye akanikemea njia nzima. "Chini. Chini zaidi. Hapo unakanda mkeka." Mgongo wake ulikuwa mwembamba, mifupa yote ipo karibu. Nilikanda kwa moyo wangu wote. Nilitaka mno kumponya, nawaambieni, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nilipomaliza akakaa, akasimama. Kopo tupu lilikuwa sakafuni. Akainama kulifuata. Mkono ukashuka, ukafika gotini, ukasimama hapo.

"Umeonaje?" akaniuliza, bado ameinama.

Ulimi wangu ulikuwa tayari na adabu zake zote. Huyu ni bibi, amenikanda, ametoka nami kwetu. Nikaukataza ulimi.

"Vilevile, bibi. Hujanyooka."

Akajiinua polepole kwa fimbo, akanitazama, na uso wake wote ukafunguka. Akapiga kofi moja pajani, lile lile la siku ya kibuyu. "Kumbe wapo bado!" akasema. "Kumbe mtani wangu hajaniacha peke yangu!"

Nje akapita jirani yangu mwenye kikapu, akachungulia. "Shikamoo bibi. Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu! Sijambo, sijambo kabisa!"

Jirani akaenda zake ameridhika. Mkandaji akashuka tena juu ya mkeka, akalaza shavu lake kwenye mkono.

"Inauma sana," akaniambia kwa sauti ya chini. "Usitoe mikono."

Nikamimina mafuta mengine.